Bei ya Kushindwa: Soka na Tenisi kwa Mtoto wa Kisumu

Mpwa wangu ametimiza miaka 12, na tangu mwaka jana jioni zake zimegawanyika baina ya viwanja viwili. Jumatatu na Alhamisi huwa kwenye uwanja wa tenisi wa klabu moja ya wanachama karibu na ziwa, ambako mzee mmoja niliyeokota mipira pamoja naye utotoni huwafunza watoto wachache kabla wanachama hawajatoka kazini. Siku nyingine zote hucheza kandanda katika uwanja wa shule ya msingi ulio nyuma ya nyumba yao, mtaani Manyatta. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa na ambaye huuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye, hana subira na mambo yasiyo na hesabu. Alinipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Wewe uliyecheza tenisi, niambie, kati ya hiyo michezo miwili, ni upi ulio mgumu zaidi mtu kuufanya uwe kazi ya kumlisha? Maana mimi nina pesa za mmoja." Nilimwahidi jibu baada ya wiki moja. Zimepita saba, na makala haya ndiyo jibu.

Niondoe kwanza jibu ambalo wengi hulikimbilia, yaani lile la mwili. Ni kweli kwamba mechi ya wanaume ya seti tano huweza kuzidi saa nne, na ni kweli pia kwamba kiungo wa kandanda hukimbia kilomita kumi au zaidi katika dakika 90 huku akikanyagwa vifundo, lakini dada yangu hakuuliza ni mchezo gani unaochosha. Kulima nako kunachosha. Aliuliza ni wapi mtoto ana nafasi finyu zaidi ya kufika mahali ambapo mchezo unamlipia kodi ya nyumba.

Takwimu zipo, na ninazitoa kwa tahadhari. FIFA ilipowahesabu wachezaji wa dunia nzima mwaka 2006, ilipata watu milioni 265 wanaocheza kandanda, na wa kulipwa miongoni mwao walikuwa 113,000. Hiyo ni sawa na mmoja katika kila watu 2,345. Kwa upande wa tenisi, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilitangaza mwaka 2019 kwamba wanaoucheza mchezo huo ni milioni 87. Utafiti wake wa awali, uliotumia hesabu za mwaka 2013, ulikuwa umeonyesha kwamba walioshiriki mashindano ya kulipwa mwaka huo walikuwa karibu 14,000, kwamba karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi, na kwamba ili zawadi zitoshe kulipia nauli, malazi, chakula na kamba za raketi, bila hata kumhesabu kocha, mwanamume alipaswa kuwa ndani ya 336 bora duniani na mwanamke ndani ya 253. Wajumlishe hao, upate watu 589. Gawanya milioni 87 kwa 589, upate mmoja katika kila watu 147,000 na ushei.

Msomaji makini ataniambia kwamba nimelinganisha bei ya mbuta, samaki mkubwa, na bei ya omena, yaani dagaa, kwa sababu upande wa tenisi nimemhesabu tu yule anayebaki na faida, ilhali upande wa soka nimemhesabu kila mwenye jina la mchezaji wa kulipwa, hata kama mshahara wake hautoshi unga. Ana haki. Chama cha wanasoka wa kulipwa duniani, FIFPRO, kilipowahoji wachezaji wapatao 14,000 mwaka 2016, kiligundua kwamba zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na kwamba asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia. Hata hivyo, ukiwaondoa wote hao wa chini, upande mmoja utabaki na makumi ya maelfu na upande wa pili mia chache. Pengo hilo halizibwi kwa ubishi wa namna ya kuhesabu. Lakini tarakimu hazielezi sababu yake, na sababu hiyo niliionja mwenyewe kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoiandikia ripoti.

Nilianza kushika raketi nikiwa na miaka 11. Nilikuwa mwokota mipira, na wanachama walipoondoka jua likizama tuliruhusiwa kucheza hadi mpira usionekane tena, sisi wanne tukitumia raketi mbili zilizoachwa na wenyewe. Binamu yangu, ambaye nyumbani kwetu huitwa ndugu bila kuongezwa neno, tulilingana umri na tulilala chumba kimoja, ila yeye alikuwa mtu wa kandanda. Mpira wake wa kwanza ulikuwa wa juala, ule wa mifuko ya plastiki iliyokunjwakunjwa na kufungwa kwa kamba za katani. (Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, watoto wa mtaani wamelazimika kubuni mpira mwingine, na sijaona mtu aliyewaandikia pongezi.) Hakuna aliyemnunulia kitu hadi alipofika kidato cha pili, shule ilipompa njumu zilizokuwa zimevaliwa na vijana wawili kabla yake.

Katika mwezi mmoja wa mwaka tuliotimiza miaka 15, kila mmoja wetu alikwenda kushindwa kwake. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kushiriki mashindano ya vijana jijini Nairobi. Mama alikopa kwenye chama chake cha kuweka akiba, mwanachama mmoja wa klabu akanipa viatu vilivyonizidi saizi moja, na nikapanda basi la usiku kwa safari ya takribani kilomita 350. Asubuhi, kabla miguu haijakunjuka sawasawa, niliwekwa mbele ya kijana aliyekuwa na raketi tatu na kocha mwenye daftari. Kamba yangu ilikatika katikati ya seti ya pili, na kwa kuwa sikuwa na raketi nyingine, yeye mwenyewe aliniazima moja ya zake. Ilikuwa nzuri kuliko raketi yoyote niliyowahi kuishika, na sikushinda gemu hata moja nayo. Nilifungwa 6–1, 6–0 kwa dakika zisizofika 50, na kwa kuwa mashindano yalikuwa ya mtoano, kazi yangu Nairobi ilikuwa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Deni la mama lililipwa kwa miezi mitano.

Mwezi huohuo timu ya shule ya binamu yangu ilicheza mechi tano za michezo ya shule na kupoteza nne. Basi la shule liliwapeleka wakiimba na kuwarudisha wakiimba, wakala wali na maharagwe ya wenyeji wao, na wazazi hawakutoa shilingi. Katika mechi ya tano, ambayo pia walifungwa, mtu mmoja kutoka timu ya kampuni ya sukari alimwita pembeni akamuuliza jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa. Mpira wa kandanda ulimruhusu kushindwa mara nne bure na bado akaonekana. Tenisi ilinitoza nauli, malazi na kamba kwa nafasi ya kushindwa mara moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniuliza jina.

Kama ningekuwa hodari zaidi, hesabu ingebadilika ukubwa tu, si namna yake. Kijana anayetaka kuingia katika tenisi ya kulipwa huanzia kwenye mashindano ya ITF ya daraja la chini kabisa, ambayo zawadi yake yote kwa jumla ni dola 15,000. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja huondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000, na anayeondolewa katika raundi ya kwanza hupata kiasi kisichofika dola 200. Ukitaka mashindano ya aina hiyo yanayofanyika karibu kila wiki barani Afrika, utayapata Monastir nchini Tunisia na Sharm el-Sheikh nchini Misri, na mtu wa Kisumu huko hafiki kwa basi. Alama anazozipata, ambazo ndizo humpa nafasi katika orodha ya ubora, zinahesabiwa kwa wiki 52 tu, kisha zinafutika, hivi kwamba anayeumia goti au kuishiwa nauli kwa mwaka mzima huanza upya karibu na sifuri. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi, wala daktari wa timu, wala benchi la kukaa ukisubiri nafuu. Utafiti ule wa mwaka 2013 uliikadiria gharama ya mwaka mmoja kuwa karibu dola 39,000 kwa mwanamume na zaidi kidogo ya 40,000 kwa mwanamke, bila kocha, na tangu wakati huo sijasikia nauli za ndege zikishuka.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo watu wanaosema kwamba tenisi ni mchezo wa matajiri hulipita bila kuligusa. Ghali peke yake si maelezo, kwa maana kumfundisha mwanasoka hadi afikie kiwango cha Ulaya nako ni ghali mno. Tofauti ni nani anayelipa, na kwa nini analipa. Mwanasoka huuzwa. Klabu inayomlea kijana inajua kwamba siku moja huenda ikampigia bei, na tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zimezipa klabu zilizomfunza fidia ya malezi, pamoja na fungu la asilimia 5 ya ada ya uhamisho linalogawanywa kwa klabu zote alizopitia kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kiungo wa Kenya Victor Wanyama alipohamia Southampton kutoka Celtic mwaka 2013 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5, wapo waliokuwa wamempokea akiwa kinda na waliokuwa na sababu ya kifedha ya kumpokea. Kijana maskini mwenye kipaji cha soka ni mali inayoweza kukua thamani mikononi mwa mtu mwingine, na japokuwa neno hilo halipendezi, ndilo linalomlisha wali katika akademia.

Mchezaji tenisi hauzwi. Ni mtu binafsi, hana klabu inayommiliki, na akifika kileleni hakuna anayemnunua kutoka kwa yeyote. Kwa hiyo hakuna mfanyabiashara anayezunguka viwanja vya tenisi akitafuta mtoto wa kumlea kwa gharama zake. Wanaobaki ni mzazi, mfadhili mwenye huruma, au shirikisho lenye fedha, na mtoto ambaye hana hata mmoja kati ya hao watatu anaweza kuwa na mkono wa dhahabu na asijulikane na mtu yeyote ng'ambo ya Ahero, mji wa jirani.

Angalia yaliyomfika Angella Okutoyi, ambaye Wakenya wengi walimjua ghafla Julai 2022. Alilelewa na bibi yake aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi, akajifunza tenisi, na baadaye shirikisho la kimataifa likamchukua katika kituo chake cha Morocco; yaani bahati ilimpa yule wa tatu niliyemtaja. Huko Wimbledon, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la wasichana wawili wawili kwa 3–6, 6–4, 11–9, seti ya tatu ikihesabiwa kwa pointi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano makubwa manne ya tenisi duniani. Waliofungwa siku hiyo walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Agosti 2025 Mboko alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal, akimlaza Naomi Osaka katika fainali, na aliingia humo kwa nafasi ya upendeleo ambayo waandaaji huwapa vijana wa nyumbani. Okutoyi alikuwa amekwenda kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Sisemi kwamba wasichana hao walilingana kwa kila kitu. Mechi ya wawili wawili haithibitishi hivyo. Nasema kwamba mwaka 2022 walitengwa na pointi mbili, na baada ya hapo mmoja alikuwa na nchi yenye mashindano makubwa ya kumfungulia mlango na mwingine hakuwa nayo.

Kabla ya Okutoyi alikuwepo Mkenya mwingine, Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Tangu mwaka 2024 chama cha wachezaji wa kiume, ATP, kimeanza kuwahakikishia walio ndani ya 100 bora mapato yasiyopungua dola 300,000 kwa mwaka. Yeye hakuwahi kuyaonja hayo. Hebu fikiria kuwa mtu wa mia duniani katika jambo lolote, na bado watu wa nchi yako wakuulize unafanya kazi gani. Mwanasoka wa mia duniani ana sanamu kijijini kwao.

Sasa lazima niwe mwadilifu kwa kandanda, kwa sababu binamu yangu angenicheka akisoma hadi hapa. Yeye alisajiliwa na ile timu ya sukari, akacheza misimu mitatu, na katika msimu wa tatu alilipwa miezi minne tu. Kocha aliyemsajili aliondoka, aliyekuja akaleta winga wake mwenyewe, na ndugu yangu akakaa benchi bila kuelezwa kosa lake. Ugumu wa soka ndio huo: haitoshi kuwa bora, lazima uchaguliwe, na anayechagua ana rafiki, ana wakala, ana jirani, ana mtu aliyempigia simu usiku. Mwaka 2019 mdhamini mkuu alipojiondoa katika ligi yetu, wachezaji wengi walibaki na mikataba isiyolipika. Mwaka 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa miezi kadhaa, na miguu ya vijana haikuwa imekosa lolote. Katika tenisi hakuna kocha anayeweza kukuweka nje. Ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka, na orodha ya ubora haijui jina la ukoo wako. Hilo ni jambo la heshima kubwa, na kwa miaka mingi nilidhani linatosha kuifanya tenisi iwe njia iliyo rahisi kwa mtoto asiye na mtu.

Siku hizi sidhani hivyo. Uadilifu wa orodha ile huanza baada ya kulipa nauli. Soka inaonea, lakini inaonea watu wengi waliokwisha kuingia ndani, na mara kwa mara mlango hufunguka kwa namna ambayo tenisi haiwezi kuifungua. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, mshambuliaji wa Kenya Ryan Ogam alifunga bao pekee lililoishinda Morocco jijini Nairobi, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiunga na Wolfsberger ya Austria. Mkenya mwenzake, Michael Olunga, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi chuoni alipokuwa akifunga mabao ya ligi, akaondoka Gor Mahia kwenda Sweden mwaka 2016, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28. Katika tenisi, kijana anayefikia umri wa chuo bila alama za kimataifa huwa amechelewa.

Kwa msichana jibu hugeuka kidogo, na kama mpwa wangu angekuwa binti ningeandika makala mengine. Mashindano makubwa manne ya tenisi yote yamewalipa wanawake sawa na wanaume tangu mwaka 2007, ilhali katika soka wasichana wa Vihiga Queens, klabu ya Kenya, walifika Ligi ya Mabingwa ya wanawake wa Afrika mwaka 2021 kutoka mazingira ambayo hayakuwa na fedha za kujivunia.

Jambo la mwisho lililonichelewesha ni Rafael Nadal, bingwa wa tenisi wa Uhispania. Naye alikuwa akicheza michezo yote miwili, na alikuwa hodari katika yote, hadi baba yake alipomtaka achague akiwa na miaka 12, umri uleule wa mpwa wangu. Alichagua tenisi. Lakini mtoto huyo alikuwa na Toni, ndugu wa baba yake, aliyekuwa kocha wa tenisi na aliyemfunza bila malipo, na alikuwa na Miguel Ángel, ndugu mwingine wa baba, aliyekuwa beki wa Barcelona. Vyovyote ambavyo angechagua, kulikuwa na ami aliyeijua njia. Mpwa wangu ana mjomba mmoja, aliyefungwa 6–1, 6–0.

Nilimpigia dada yangu simu Jumapili jioni, alipokuwa amefunga kibanda. Nilimwambia kwamba tenisi ndiyo ngumu zaidi, kwa mbali, na nikamweleza habari ya nauli, na ya alama zinazofutika, na ya mwanasoka anayeuzwa na mchezaji tenisi asiyeuzwa. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sawa," akasema. "Hiyo gharama ya kusafiri inaanza akiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne hivi. Kumi na mitano."

"Na mpaka hapo, huyo mzee wa klabu anamtoza?"

"Hamtozi, Dada."

Alinyamaza kidogo, nilisikia akihesabu sarafu na kuzipanga juu ya meza.

"Basi mpira ataendelea nao shuleni, wao wana basi. Ile raketi yako ya zamani iko wapi?"

Nilimwambia iko juu ya kabati, na kamba zake mbili zimekatika.

"Ilete Jumamosi," akasema.